Bi Lenzi na Fukusi Mwenye Kichwa cha Kuazima

Wasikilizaji wapendwa, kama uko mbali na redio, sogea. Kama unapika, punguza moto. Leo tunamkumbuka mama mmoja ambaye wengi wenu hamkumjua, na wachache mliomjua mlimjua kwa jina baya. Jina hilo baya nilimpa mimi. Nilimpa hapahapa, kwenye maikrofoni hii, miaka kumi na saba iliyopita. Nitafika huko, sitajificha. Kwanza nimtambulishe mtu wetu kama anavyostahili.

Mtaani alikuwa anaitwa Bi Lenzi. Aliaga dunia mwezi uliopita akiwa na miaka sitini na sita. Aliitwa hivyo kwa sababu ya lenzi ndogo ya kukuzia vitu, iliyoning'inia shingoni mwake kwa kamba ya kiatu. Aliivaa sokoni. Aliivaa msibani. Aliivaa siku ya harusi yake, mpaka shangazi yake akamshika bega na kuivua kwa nguvu, na inasemekana bwana harusi alipoingia aliuliza kwanza lenzi iko wapi.

Bi Lenzi alikuwa mtaalamu wa fukusi. Narudia, maana najua kuna mtu ametabasamu. Mtaalamu wa fukusi. Fukusi unamjua. Ndiye yule mdudu mdogo unayemkuta kwenye mahindi uliyoyasahau stoo, mwenye pua ndefu mbele ya uso. Sisi tunajua huyo mmoja, tunamlaani, tunaanika mahindi, basi. Kumbe fukusi wapo maelfu kwa maelfu ya aina, na wengine hakuna mtu aliyewahi kuwaangalia mara mbili. Bi Lenzi aliwaangalia mara mbili. Hiyo ndiyo kazi yake aliyoifanya duniani.

Aliingia makumbusho akiwa na miaka ishirini, mkononi ana ufagio. Ukienda makumbusho unaona ukumbi wa mbele, mifupa mikubwa, vioo, watoto wa shule wamepanga mstari. Yeye alifagia nyuma, kwenye chumba kirefu ambacho wageni hawaingii. Chumba kinanuka nafthalini, ile dawa ya kufukuza nondo kabatini. Ukutani kote ni droo za mbao, kutoka sakafuni mpaka darini, na kila droo ina wadudu waliochomwa pini na kupangwa mistari, kila mmoja na kikaratasi chake. Aliambiwa afagie na asifungue droo. Akafungua.

Mwaka wa nne mkuu wa chumba alimkuta anamhamisha mbawakawa mmoja kutoka mstari huu kwenda mstari ule. Mzee akataka kufoka. Kabla hajafoka akaangalia. Mbawakawa yule alikuwa kweli amekaa mstari usio wake, na amekaa hapo miaka thelathini, na mabwana wote wenye shahada wamempita. Siku hiyo ufagio akapewa mtu mwingine.

Sasa naomba tumlete mtu wa pili katika habari hii, maana bila yeye hakuna habari. Bi Lenzi alikuwa na mdogo wake wa kiume. Walifiwa na wazazi mapema, dada akamlea. Akamsomesha, ikashindikana. Akampeleka kwa fundi saa, ikawezekana. Mdogo wake akawa fundi saa hodari, mkono mwepesi, anafungua saa ya mkononi na kuirudisha huku anapiga soga. Lakini mnakumbuka wenyewe. Watu waliacha kutengeneza saa. Saa ikiharibika wananunua nyingine au wanaangalia simu. Kibanda kikafungwa. Ndipo dada akamwombea kazi makumbusho. Akawaambia, nina mdogo wangu anashika vitu ambavyo sisi hatuvioni.

Kazi aliyopewa ilikuwa hii. Mdudu mkubwa unamchoma pini. Mdudu mdogo kuliko punje ya ufuta huwezi, utampasua. Kwa hiyo unakata pembetatu ndogo ya karatasi ngumu, unaweka tone la gundi kwenye ncha, tone dogo kuliko nukta ya kalamu, halafu unamlaza mdudu hapo. Pini inapita kwenye karatasi. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Fundi Saa. Alikuwa anapokea chupa ya spiriti yenye wadudu mchanganyiko, mamia, waliokusanywa vichakani, anawatoa mmoja mmoja kwa brashi na kuwagundisha. Bi Lenzi anawaona kwa mara ya kwanza wakiwa tayari wamepangwa safi. Shikeni hilo. Alikuwa anawaona wakiwa tayari wamegundishwa.

Mchana mmoja, Bi Lenzi akiwa na miaka thelathini na tisa, ilikuja chupa kutoka vichaka vya nyuma ya mtambo wa zamani wa maji. Fundi Saa akamtoa fukusi mmoja. Akampindua kidogo kwa brashi, kichwa kikachomoka. Kikaruka. Akatafuta mezani, akatafuta kwenye mapaja, akapiga magoti sakafuni. Hakuna.

Wiki iliyopita nilikaa naye, nikiwa na kinasa sauti katikati yetu. Ana miaka sitini na mmoja sasa. Sikilizeni alivyosema.

"Kwenye saa, gurudumu likivunjika unatafuta saa mbovu ya ukubwa uleule. Unatoa lake, unaweka hapa. Saa inatembea, mwenye saa anashukuru. Ndivyo nilivyofundishwa. Mbele yangu kulikuwa na fukusi wengine wadogo vilevile, wa kawaida, wengi tu. Nikachukua kichwa cha mmoja. Kikaingia vizuri. Haki ya Mungu, sikujua kama nimefanya ubaya."

Wasikilizaji wapendwa, hapo ninamwamini. Ninamwamini mpaka hapo tu.

Maana siku mbili baadaye alipokuwa anaosha brashi yake alikiona kichwa cha kweli, kimenasa kwenye nywele za brashi. Pua fupi, nene. Kile alichogundisha kilikuwa na pua ndefu, nyembamba. Hata fundi saa aliona kwamba hivi si kitu kimoja. Lakini ndani ya siku hizo mbili Bi Lenzi alikuwa ameshamwona mdudu. Alikuwa amemweka chini ya hadubini, ameona magamba ya buluu mgongoni, mstari mweupe begani, kijino kwenye paja la mbele. Hakuna fukusi wa namna hiyo kwenye droo hata moja. Hakuna kwenye vitabu. Alikuwa amepiga kigelegele ndani ya makumbusho, mlinzi amekuja mbio akidhani kuna moto. Alikuwa amemkumbatia mdogo wake mbele ya watu na kusema mkono huu ni dhahabu.

Fundi Saa ananiambia, ukimwona mtu amefurahi namna ile, utamwambia nini? Nikamjibu ungemwambia kichwa hiki si chake. Maneno manne.

Kile kichwa cha kweli alikitia kwenye kidonge kitupu cha dawa, vile vya ganda laini wanavyotumia makumbusho kuhifadhia vipande vya wadudu. Kidonge akakiweka kwenye kopo lake la vipuri vya saa. Kopo akaliweka chini ya kitanda chake. Na kitanda chake kilikuwa nyumbani kwa dada yake, chumba cha pili, maana alikuwa anaishi kwake. Akanyamaza kimya kama maji mtungini.

Bi Lenzi akaanza kazi ya kumweleza mdudu. Labda unajiuliza, mdudu anaelezwaje? Anaelezwa hivi. Unapima kila kipande. Unahesabu vifundo vya kipapasio. Unaandika rangi ya gamba likiwa kavu na rangi yake likilowa. Unamlinganisha na kila ndugu yake anayejulikana, unaandika barua kuomba michoro ya wengine, unasubiri majibu. Miaka sita. Alimchora mara thelathini na moja. Binti yake, ambaye leo ni muuguzi, alikulia pembeni ya michoro hiyo.

"Upande mmoja wa meza mimi nafanya hesabu za shule," anasema binti, "upande wa pili mama anachora pua. Pua ile naijua kuliko pua ya baba yangu."

Kurasa mbili nzima Bi Lenzi aliandika juu ya pua hiyo. Alieleza ilivyo nyembamba, akakisia kwamba mdudu anaitumia kutoboa maganda magumu ya kile kichaka ili atage yai. Alifikiri kwa bidii na kwa akili. Alifikiri vizuri kabisa, juu ya pua ya mdudu mwingine. Jioni mdogo wake anapita na kikombe cha chai, anaangalia mchoro, anasema dada, umepatia.

Maelezo yakatoka kwenye jarida la wataalamu, yeye akiwa na miaka arobaini na mitano. Mfagizi wa zamani, jina lake limechapwa nyuma ya jina la mdudu, kama kanuni zao zinavyotaka, ili dunia ijue ni nani aliyemtambulisha. Yule fukusi mmoja akawekwa kama kielelezo kikuu, na kielelezo kikuu huwekewa lebo nyekundu. Lebo aliiandika mwenyewe. Kwa miaka minne alitembea ameinua kichwa.

Mwaka wa nne akaja mgeni, mtaalamu kutoka mbali, mtu mpole asiye na neno na mtu. Aliomba kumwona yule fukusi. Akamtazama muda mrefu. Akaomba tone la maji ya uvuguvugu. Gundi ya makumbusho huyeyuka kwa maji, imetengenezwa hivyo makusudi. Akaweka tone shingoni. Kichwa kikaachia, kikaelea peke yake. Mgeni akakiokota kwa ncha ya brashi na kusema kwa sauti ya chini kwamba kichwa hiki ni cha fukusi wa kawaida, anayejulikana zaidi ya miaka mia.

Wasikilizaji wapendwa, katika kazi ile hakuna aibu kubwa kuliko hiyo. Kukosea jina, husameheki lakini unaeleweka. Kuunga mdudu ni kughushi. Ni sawa na daktari kuandika ugonjwa ambao haupo.

Wakaitwa ofisini kwa mkurugenzi. Viti vitatu, dirisha limefungwa, feni haifanyi kazi. Mkurugenzi akasema jambo liko wazi. Mdudu huyu ameguswa na watu wawili tu tangu atoke kwenye chupa, dada na mdogo wake. Akamgeukia Fundi Saa. Akamuuliza alimgundisha vipi.

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yake. Kanuni za wataalamu wa wadudu zina dawa ya jambo hilo, na dawa yenyewe si chungu. Ikijulikana kichwa kiligundishwa kwa bahati mbaya, kichwa kinaondolewa, mwili unabaki na jina lake, maelezo yanasahihishwa, maisha yanaendelea. Fundi angepewa onyo, labda angefukuzwa. Dada yake angebaki mtaalamu. Kulihitajika sentensi moja.

Fundi Saa akasema, "Nilipokea mdudu mzima, nikamgundisha mzima. Yaliyofuata siyajui."

Alimruka. Wasikilizaji, alimruka dada yake aliyemlea, na dada amekaa kiti cha pembeni yake. Maana kama mdudu aligundishwa mzima, na walioshika ni wawili, basi anabaki mmoja.

Na Bi Lenzi alisema nini? Hili nimelipata kwa katibu aliyekuwa anaandika kikao, na kumbukumbu bado ipo kwenye faili. Bi Lenzi alisema, "Msimbane mdogo wangu. Mikono yake naijua."

Nililisoma hilo kwenye karatasi nikaiweka karatasi chini, nikatoka nje kidogo.

Alivua funguo za droo kwenye mshipi wake, akaziweka mezani. Fukusi wake akaondolewa kwenye orodha ya viumbe vinavyojulikana. Miaka ishirini na tisa tangu aingie na ufagio. Mdogo wake alibaki kazini miaka kumi na mmoja zaidi, mpaka alipostaafu. Walimwandalia keki.

Sasa zamu yangu. Wakati huo nilikuwa naendesha kipindi cha asubuhi, kile cha vichekesho, nilikuwa kijana mwenye ulimi. Gazeti lilikuwa limeandika habari ndogo, aya tatu. Nikaisoma hewani, nikatia chumvi. Nikasema kuna bibi makumbusho anaunga wadudu kama fundi wa viatu. Nikamwita Bibi Kichwa cha Kuazima. Watu walipiga simu wakivunjika mbavu. Jina likashika. Binti yake anasema walimwita hivyo mbele ya duka, walimwita hivyo hospitali. Wiki moja baadaye ilinifikia barua, mwandiko mdogo, umenyooka kama umepigiwa rula. "Mtangazaji, nimekusikia. Sikuunga mdudu. Njoo nikuonyeshe michoro, halafu ucheke ukiwa umeona."

Sikwenda. Niliisoma, nikacheka, nikaiweka kwenye droo. Ninyi mnaoniamini kila juma, mjue ni mtu wa namna gani mnayemwamini.

Watu wameniuliza, mbona Bi Lenzi mwenyewe hakukubali kwamba kichwa kilikuwa cha mdudu mwingine? Mtaalamu mzima, mbona hakuona? Nami nilijiuliza hivyo. Jibu nimelipata kwa binti yake. Bi Lenzi alikaa mezani na kuhesabu. Moja, mimi sikuunga. Mbili, mdogo wangu amesema alimpokea mzima. Kwa hiyo mdudu alikuwa mzima. Kwa hiyo gundi ya shingoni ilitambaa tu kutoka kwenye karatasi, pua ile ni yake kweli, na mgeni ndiye aliyekosea. Alijenga nyumba yake yote juu ya neno la mdogo wake. Hakulijaribu neno hilo hata kwa kidole.

Basi akaamua atampata fukusi mwingine. Wa pili, mwenye magamba ya buluu na pua ndefu, akiwa hai, anatembea, ili dunia ione. Kila Jumamosi asubuhi, kwa miaka kumi na saba, alikwenda nyuma ya mtambo wa zamani wa maji. Unatandika shuka jeupe chini ya kichaka, unapiga tawi kwa fimbo, wadudu wanaanguka, unapiga magoti na lenzi. Alianza akiwa na miaka arobaini na tisa. Magoti yalivimba. Akashona viraka vya sponji kwenye sketi. Majirani walimwona akipita na shuka wakasema huyo, kaenda kutafuta kichwa.

Na shuka lilibebwa na nani? Na mdogo wake. Kila Jumamosi. Dada anapiga tawi, yeye ameshika ncha mbili za shuka.

Adhuhuri wanarudi. Binti anauliza, mama, vipi? Mama anasema hajapatikana. Anakula, anakwenda kuandika tarehe kwenye daftari. Miaka kumi na saba, hajapatikana.

Mwaka huu akaugua kifua. Haikuchukua muda. Wodini alimuuliza binti yake kama vile vichaka vimeshatoa maganda. Binti akamwambia vimetoa. Akasema basi wiki ijayo. Hakuifikia wiki ijayo.

Siku ya nne baada ya mazishi binti alifungua kabati la mama yake. Alikuta chupa ndogo za kioo, zile za sindano, zimepangwa kwenye masanduku ya viatu. Akazihesabu. Mia mbili na kumi na mbili. Kila chupa ina wadudu wawili watatu ndani ya spiriti, na kila chupa ina kikaratasi kilichoandikwa tarehe, mahali, na chini yake maneno mawili, kwa mwandiko uleule ulionyooka. Si yeye.

Hakujua afanye nini nazo. Akazitia kwenye vikapu viwili, akazipeleka makumbusho. Mtunza droo wa sasa ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, hakuwahi kukutana na Bi Lenzi, alikuwa anajua kile kichekesho cha redio tu. Alizipokea kwa heshima ya mfiwa. Akafungua moja, akaiweka chini ya hadubini. Akafungua ya pili. Akaenda kwenye droo, akamtoa yule fukusi asiye na kichwa mwenye lebo nyekundu, ambaye kwa bahati hakuna aliyepata moyo wa kumtupa. Akawaweka pamoja. Halafu akampigia simu binti na kumwomba arudi.

"Mama yako alimpata," akamwambia. "Miguu ndiyo, magamba ndiyo, kijino cha paja ndicho. Kichwa tu ndicho tofauti. Na kichwa hiki kimeshika shingo yake mwenyewe, hakina gundi."

Pua fupi, nene. Katika chupa zile mia mbili na kumi na mbili, mia moja na hamsini na sita zilikuwa na fukusi wa Bi Lenzi. Ya kwanza ina tarehe ya wiki ya tatu tangu aanze kutafuta. Wiki ya tatu, wasikilizaji wapendwa. Alimpata wiki ya tatu, akamtazama kwa lenzi, akaona pua si ile aliyoichora kwa miaka sita, akaandika si yeye. Akaendelea kumpata miaka kumi na saba. Na kila mara akamkataa.

Binti alirudi nyumbani akamkuta mjomba wake amekaa barazani. Akamweleza. Mjomba hakushangaa, na hapo ndipo mtoto wa watu alipoelewa. Nanukuu kama alivyonieleza mwenyewe, na mjomba alipoulizwa hakukana.

"Mjomba, mama alikuwa anasema nini akimwangalia mdudu?"

"Alikuwa anasema mwili ni wake, pua si yake."

"Ulikuwa unasikia?"

"Nilikuwa nasikia."

Akainuka, akaingia chumbani, akatoka na kopo la vipuri vya saa. Akakitoa kile kidonge, akamwekea mpwa wake kiganjani. Chumba chake na chumba cha dada yake vinatenganishwa na ukuta mmoja. Binti alipima kwa hatua, akanionyesha. Kutoka mto wa dada mpaka kopo la mdogo wake ni hatua tano.

Nilimuuliza Fundi Saa kwa nini, hata baada ya kustaafu, wakati hakuna tena wa kumfukuza. Akasema mwaka wa kwanza aliogopa kazi. Mwaka wa pili aliona mwaka wa kwanza umeshapita. "Kila Jumamosi ilizidisha deni la Jumamosi iliyopita," akasema. "Na alikuwa ananiwekea chai kwanza kabla ya yake." Alilia. Sikumbembeleza. Mnisamehe, sikuweza.

Makumbusho wameshaandika marekebisho. Kichwa cha kweli kimekaa kwenye shingo, kimelingana. Mdudu anarudi kwenye orodha ya viumbe vinavyojulikana, na nyuma ya jina lake linarudi jina la Bi Lenzi, na mwaka wake uleule wa kwanza. Binti alifurahi. Lakini aliuliza swali moja, na mtunza droo akashindwa kumtazama usoni.

Mtu haruhusiwi kumpa mdudu jina lake mwenyewe. Anaruhusiwa kumpa la mwingine, kwa heshima. Bi Lenzi alimpa fukusi wake jina la mdogo wake. Lipo kwenye jarida, na chini yake kuna sentensi ya kueleza sababu. Imeandikwa hivi. "Nampa jina la mdogo wangu, ambaye mikono yake ilimfikisha kwangu akiwa mzima."

Binti aliuliza, jina hilo linaweza kubadilishwa? Haliwezi. Jina likishatolewa kwa kufuata kanuni halifutwi kwa sababu ya tabia ya mtu. Kwa kumrudishia mama haki yake, mtoto amelazimika kumwachia mjomba heshima ile milele. Aliniambia ametia saini kwenye karatasi ya marekebisho. Kisha akasema mama ndiye aliyeandika, nani afute.

Kwa niaba ya redio hii nakupa pole wewe, binti wa Bi Lenzi. Pole kwa msiba, na pole kwa msiba wa pili uliokuja juu ya ule wa kwanza. Poleni majirani mliompenda, na hata mliocheka, maana nanyi mmefiwa bila kujua. Kwa mjomba, ambaye najua ananisikiliza, nimetafuta neno la pole juma zima na sijalipata. Yangu ninayo. Lile jina nililomtungia Bi Lenzi nalifuta leo, kwa sauti ileile iliyolitunga, na najua kwamba walionisikia siku ile ni wengi kuliko wanaonisikia sasa. Barua yake nimeitoa kwenye droo. Jana nilikwenda kuangalia michoro. Yote thelathini na moja. Sikucheka.

Mwenyezi Mungu ampumzishe Bi Lenzi mahali pema.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, kabla hamjainuka kwenda kwenye shughuli zenu, fikirini jambo hili kwa dakika moja tu. Katika nyumba unayoishi kuna mtu anayekuamini kiasi kwamba siku neno lako na macho yake vikipingana, atayakataa macho yake. Mwangalie. Halafu ujiulize, ni kitu gani unachojua wewe, ambacho yeye bado anakitafuta?